Mashine Haikulia

Singida Mjini,
Jumapili, 8 Juni

Kaka yangu Chediel,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima hapo Itigi, pamoja na wifi Febronia na watoto. Mguu wa wifi umepona? Sisi tunapumua kwa neema ya Mungu. Mama amemaliza kupiga alizeti huko Sepuka, ingawa mavuno ni haba kwa kuwa mvua iliwahi kukatika.

Mdogo wetu Lucy bado yuko kwangu. Anakula kwa kubembelezwa. Tangu tulipomzika mwanawe mwezi wa nne anaogopa usingizi. Akisinzia kitini anashtuka na kupapasa kanga yake. Kaka, unakumbuka ulichosema pale msibani, kwamba ni mama gani analala mtoto wake akikata roho. Amekibeba mpaka leo.

Siandiki kukulaumu. Kazi yangu hamjawahi kuielewa vizuri, basi nikueleze. Nakagua programu zinazoiwezesha kompyuta kuongea na vifaa, tunaziita draiva. Natafuta hasa makosa ya kumbukumbu ya kompyuta, pale programu inapoazima nafasi ya kuweka habari na kuirudisha. Ni kama mtu aliyerudisha chumba kwa mwenye nyumba, kisha anaendelea kuchungulia dirishani akidhani vitu anavyoviona bado ni vyake. Programu nayo ikisoma mahali ilipokwisha kuparudisha, inakuletea habari za zamani na wewe unaziamini.

Mtoto wa Lucy alizaliwa wa miezi saba. Pale kituo cha afya walimfungia mashine ya kupima hewa kwenye damu. Muuguzi akamwambia Lucy apumzike, kwani hewa ikipungua mashine italia. Alikuwa na siku tatu bila usingizi. Akalala. Saa nane mchana nilipomletea uji, mtoto alikuwa ameshapoa, na kioo bado kinaonyesha tisini na sita, kana kwamba hewa inamtosha. Mashine haikulia.

Baada ya mazishi nilimwomba Bonifasi, fundi wa kituo, aniangalizie ni programu gani iliyomo ndani. Aliponitajia, nilikaa sakafuni.

Draiva ile niliikagua mimi, mwaka juzi. Waya ukilegea, inarudisha nafasi yake kwenye kumbukumbu, lakini kioo kinaendelea kusoma palepale, namba ya zamani. Mstari ule niliuona, kaka. Nilimwuliza Deo, aliyeuandika, akasema waya hauwezi kulegea mgonjwa akiwa amelala. Ilikuwa Ijumaa, nawahi basi la kuja kwenye kipaimara cha mwanao. Nikaweka jina langu kwamba nimeridhika.

Marekebisho ni mistari minne tu. Nimeyaandika. Waliotengeneza mashine nimewaandikia mara tano, wakajibu mara moja, kwamba wanashukuru kwa kuwasiliana nao. Mashine hizo hazina mtandao. Lazima mtu azifuate moja moja, na sijui ziko wapi. Mganga wa kituo alinisikiliza kwa upole, kisha akaniuliza watumie nini badala yake. Juzi nimeikuta mashine ile ile imefungwa kwa mtoto mwingine.

Lucy sijamwambia. Nikimwambia hakukosa, anadhani namfariji, na ananishukuru. Shukrani hizo siziwezi tena.

Njoo, kaka. Usije kunitetea. Wewe ndiye uliyemhukumu mbele za watu, basi mwambie wewe kwamba hakukosa. Halafu ukae hapo hapo, wakati mimi namwambia kwa nini.

Msalimie sana wifi, na watoto wote, na majirani zenu wa kota za reli. Mungu awatunze.

Mdogo wako,
Eliana