Nilimwambia Asitoke

Jumanne, jioni. Shinyanga mjini.

Mawingu yamejikusanya upande wa Ibadakuli tangu asubuhi na hayajatoa hata tone. Vumbi limenijaa mpaka masikioni. Nimeoga, nimekunywa chai, nimekaa, na mikono bado inatetemeka. Naandika kwa sababu nisipoandika nitaendelea kuzunguka humu sebuleni kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza: mimi ni mtu wa ustawi wa jamii, upande wa afya ya akili, na watu wangu ni wanajeshi wastaafu. Wengine wako huku Shinyanga, wengine wamejichimbia Geita kwenye dhahabu. Nawafuata kwa pikipiki, tunakaa, tunaongea. Wengi walirudi wazima wa mwili, lakini vichwa vilibaki huko walikotumwa. Majina yao humu nimeyabadilisha, kama kawaida yangu.

Leo ilikuwa zamu ya Afande Mabula.

Nisidanganye, Mabula ndiye niliyekuwa naringia. Sajini mstaafu, mtu mzima, mpole. Alikwenda kulinda amani nchi ya watu akaona mambo asiyoyasimulia mpaka leo. Alipostaafu alijaribu Geita, akashuka kwenye duara, yaani lile shimo la dhahabu, lakini kila baruti ikilipuka chini yeye alikuwa vitani upya. Siku moja alimkaba mchimbaji mwenzake nusura amuue. Akarudi kijijini kwao, mbele kidogo ya Kolandoto, kwa mkewe Mama Kulwa, mapacha wao wadogo, na mama yake mzazi, Bibi Nyamizi.

Tatizo lake ni makelele ya ghafla. Mlango ukibamizwa tu, alikuwa anatoka mbio na panga, hajui anamfukuza nani. Mkewe alikuwa akiniambia, "Dada, iko siku atakata mtoto wa mtu."

Nikamfundisha. Nikamwambia ukisikia kelele, usitoke. Kaa chini, egemea ukuta, pumua polepole, kisha taja kwa sauti vitu unavyoviona, kimoja kimoja, mpaka moyo utulie. Na akaweza! Panga likahamia kwa fundi seremala. Wiki iliyopita kwenye kikao cha ofisi nilimtolea mfano, bila jina, wakanipigia makofi. Nikavimba kichwa.

Sasa sikilizeni ya leo.

Nilipitia dukani pale kijijini kununua sukari, maana siingii kwa Bibi Nyamizi mikono mitupu. Mwenye duka ni mama mmoja mtani wangu sana, kila mara ananicheka nikivaa helmeti eti nafanana na chungu. Akanipimia sukari, nikalipa, akaniuliza leo naenda kwa nani. Nikasema kwa Mabula.

Akanyoosha mkono, akaichukua ile sukari kutoka mikononi mwangu, akairudisha rafuni. Pesa yangu akaiweka juu ya kaunta.

"Wewe nenda tu, dada," akasema bila kunitazama. "Ila sukari yangu haifiki kule."

Nilidhani utani. Nikacheka. Nikacheka peke yangu.

Kwenye bomba la maji niliwasalimia wanawake, wakaniitikia vizuri wote. Nilipouliza kama Mama Kulwa amepita kuchota maji, wote wakawa viziwi. Mmoja aliinua ndoo haijajaa akaondoka nayo. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Mama Kulwa alinipokea kwenye uzio wa minyaa, akanishika mkono na hakuuachia. Machozi yakamtoka kabla ya maneno. Nilikuwa mtu wa kwanza kuingia kwenye ule mji, yaani boma lao, tangu mwezi uliopita.

Wametengwa.

Kwa wasiojua, nami nilikuwa mmoja wao, huku kuna yowe, wenyewe wanaliita mwano. Likipigwa, ukiwa mwanamume mwenye miguu, unatoka. Uwe unakula, uwe unaumwa, unatoka na fimbo yako unakimbilia linakotokea. Asiyetoka, sungusungu, wale walinzi wa kijiji, wanamtoza faini. Akikataa faini, anatengwa na nyumba yake yote. Hakuna kumsalimia, kumuuzia, kumwazima jembe, wala kuingia kwake, hata kwenye msiba. Mapacha wa watu wanakaa peke yao shuleni, jamani, wana miaka minane!

Mwezi uliopita, alfajiri, yowe lilipigwa. Wezi walikuwa wamebeba maksai wa kulimia wa Luhende, jirani yao, ambaye pia ndiye mkuu wa sungusungu pale kijijini. Wanaume wote wakatoka. Mabula hakutoka. Maksai hawajaonekana mpaka leo, na mvua ndiyo hiyo inakuja.

Nilikuwa bado sijaunganisha. Ndipo Mabula mwenyewe akatoka ndani, shati limenyooshwa, akasimama wima mbele yangu uso unang'aa. Mimi ndiye mdogo, nikampa shikamoo yake. Akaitikia, kisha akasema:

"Daktari, nina taarifa." Mimi si daktari, nimemwambia mara mia. "Yowe lilipigwa. Sikutoka. Nilikaa, nikaegemea ukuta, nikapumua, nikataja vitu mpaka kukapambazuka. Kama ulivyoagiza."

Alikuwa anasubiri nimpongeze.

Mungu wangu.

Nikakaa kwenye kinu bila kukaribishwa. Mimi nimekulia Temeke. Kwetu ukisikia makelele nje unafunga komeo na kuzima taa, kesho utasimuliwa. Sikuwahi hata kumuuliza huyu baba kwamba kijijini kwenu kuna kelele zipi. Nilimwambia usitoke, na kwa mwanajeshi hakuna ushauri. Kuna amri tu.

Nikamuuliza kwa nini hakulipa hiyo faini yakaisha. Akanishangaa. Faini ya kosa gani, wakati alitii? Nikamuuliza kwa nini basi hakueleza kwenye kikao cha sungusungu. Akasema mimi mwenyewe nilimwambia tunayoongea ni siri. Halafu akashusha sauti: "Wakiniita mwoga nitavumilia. Wakiniita kichaa, nani atawaoa wanangu?"

Nikamwambia niruhusu mimi niende kwa Luhende. Akakataa. Nikabembeleza. Akakataa kwa heshima zote, akaingia ndani kunitafutia maji ya kunywa. Na mimi bila ruhusa yake siwezi kufungua mdomo, hiyo ndiyo kazi niliyoapa. Nilikaa pale nimefungwa kwa kamba niliyosokota mwenyewe.

Bibi Nyamizi alikuwa kimya muda wote, kwenye kigoda, anachambua choroko. Amerudishwa nyumbani kutoka hospitali, moyo umechoka, wameambiwa wamtunze tu. Akaniita.

"Mjukuu wangu, mimi nimekatazwa kufa," akasema, na akacheka. "Kweli. Nikifa sasa, nani atachimba? Mabula peke yake? Na nani atanililia, hawa kuku? Kwa hiyo nangoja. Lakini nimechoka kungoja."

Nilianza na zile pole zetu za ofisini, akanikatiza kwa mkono kama anafukuza nzi. Akaweka ungo chini, akachukua mkongojo, akajivuta mpaka kwenye mlango wa uzio.

Akapiga yowe.

Sikuwa najua mwili ule una sauti ile. Nywele zilinisimama. Mama Kulwa alijiziba mdomo kwa mikono miwili, maana yowe la uongo ni kosa, tena kosa kubwa. Nikaruka kumshika Bibi nikidhani ndiyo roho inatoka. Akanisukuma, akavuta pumzi, akapiga tena.

Halafu upande wa pili wa mashamba ya dengu, mwanamke akalipokea. Kisha mwingine mbali zaidi. Kisha filimbi. Yowe halina jina la nyumba likiwa hewani, anayelisikia analipitisha. Nikaanza kuona wanaume wanatokea kwenye majaruba, wanakimbia, fimbo mkononi, mmoja amevaa kiatu kimoja, na wanawake nyuma yao.

Walipofika kwenye minyaa wakaona ni mji wa nani. Wakasimama kwa mpigo mmoja kama ng'ombe waliokuta uzio. Luhende alikuwa mbele, mtu mrefu, anahema. Akamtazama Bibi, akafungua mdomo, akaufunga. Marufuku ni yake mwenyewe.

Bibi akasema kwa Kisukuma, na Mama Kulwa akaninong'oneza maana yake: "Hakuna mwizi. Nilitaka kujua siku nikifa kama mtakuja. Sasa nimejua. Mnakuja, ila mnaishia mlangoni."



Nyuma yangu nikasikia mlango. Jamani, moyo wangu! Nilikuwa nimemsahau Mabula. Makelele yote yale, filimbi, wanaume wenye fimbo, na yeye alikuwa ndani na ukuta wake. Niligeuka nikitegemea kuona panga au nyundo au mchi.

Mikono ilikuwa mitupu. Alitoka anatetemeka mwili mzima, shati lililonyooshwa limelowa jasho, meno yanagongana. Alitembea ameegemea ukuta wa nyumba mpaka ukuta ukaisha. Kisha akauacha, akaja katikati ya uwanja, akasimama kando ya mama yake. Nilisikia anasema, kwa sauti, polepole, kama nilivyomfundisha.

"Mama. Ungo. Choroko. Kuku. Minyaa. Fimbo."

Wanaume wakatazamana. Sikuona hata mmoja akicheka.

"Fimbo," akarudia. Macho yakafika mbele. "Luhende."

Akameza mate. "Luhende."

"Nipo, Mabula," Luhende akasema.

Ilimtoka tu. Wamechunga ng'ombe pamoja tangu wadogo, na mtu aliyekuita hivyo tangu utotoni unamwitikia kabla hujafikiri. Nilisikia watu wanavuta pumzi. Kuongea na aliyetengwa ni kosa, na mkuu wao amelifanya mchana kweupe mbele ya kijiji kizima.

Luhende alikuwa anaiangalia mikono ya Mabula inavyoruka. Ile siri niliyoibeba kama yai, ambayo Mabula aliifia, ilikuwa imesimama pale uwanjani kila mtu anaiona, na hakuna aliyeitamka. Mzee mmoja nyuma alivua kofia.

Hatimaye Luhende akamgeukia Bibi. "Mwadila, mayu." Ni salamu yao ya mchana kwa mama. Kisha akakaza uso. "Yowe la uongo lina faini. Jumapili kuna kikao. Mje, wewe na mwanao."

Bibi akacheka kwa fizi zote. Mama Kulwa akapiga magoti akaanza kulia, na mimi nikamkumbatia, nikaanza kumwambia tutachanga, tutailipa, asiogope. Akanisukuma kifuani.

"Dada, hujaelewa? Aliyetengwa hatozwi faini. Faini ni ya wanakijiji!"

Nikakaa tena kwenye kinu.

Wakati narudi nilipita dukani. Mlango uko wazi, kaunta haina mtu. Mwenye duka alikuwa bado hajarudi kutoka kwenye yowe.

Sijui Jumapili itakuwaje. Maksai wa Luhende bado hawapo, na wapo vijana pale ambao walikunja sura mpaka mwisho. Inawezekana wakamsamehe mama wakamwacha mwana. Inawezekana mwili wa Mabula ukamwangusha yowe lijalo. Sina uhakika na chochote leo, mimi niliyepigiwa makofi wiki iliyopita.

Lakini kinachonitetemesha mikono si yowe.

Mabula alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki. Jasho lilikuwa halijamkauka. Nikavaa helmeti yangu, nikatafuta neno la kumwambia, la kumwomba msamaha, sikulipata. Yeye ndiye aliyepata. Akabana visigino, akasimama wima, macho mbele.

"Daktari," akasema, "naomba radhi. Leo nilitoka."