Mshenga Asiyefunga Mdomo

Jumapili, La Rochelle, mtaani kwetu huku kusini mwa Afrika. Baridi inang'ata mpaka kwenye kucha, ila mimi nina aibu ya kutosha kunipa joto.

Mimi, kinyozi niliyefika Maputo, Harare na Lusaka, niliyenyoa kichwa cha balozi (haya, dereva wa balozi), jana nimeshindwa kufunga mdomo saa moja tu.

Rafiki yangu Eliya, mlinzi, Mrundi, alinifanya mshenga wake. Tukaenda kuposa kwa kina Neema, Wakongo wa Bukavu. Alinichagua kwa ajili ya ulimi wangu. Akaniomba jambo moja: nisimtaje binti yake aliyeko Bujumbura. Neema alikuwa hajui. Eliya alikuwa bado anatafuta maneno.

Waingereza, mtu akitoa siri, wanasema kamwaga maharage. Mteja ndiye aliyenieleza, mimi nilidhani ni habari za jikoni. Kwetu Tanga tunaonywa tusimwage mtama kwenye kuku wengi.

Jana sebuleni kulikuwa na kuku kumi na wawili. Nikamwaga gunia zima.

Shangazi yake Neema aliuliza watajuaje kama Eliya si mtu wa kukimbia majukumu. Sifa zikanipanda kichwani. Nikajibu, "Huyu? Kila jioni anamsahihishia binti yake madaftari kwa video."

Eliya akaangalia viatu vyake.

Neema hata hakunitazama. Alimuuliza Eliya, "Anaitwa nani?"

"Benita. Ana miaka saba."

"Miaka miwili tuko pamoja, na wewe unaniogopa?"

Eliya akasema ndiyo, aliogopa kumkosa. Hakupamba neno. Mimi ningepamba.

Shangazi akakohoa. "Mutarudi samedi ijayo. Na ule mutoto tumuone kwa simu kwanza. Na weye mushenga, ukuje na kufuli ya kinywa."

Njiani Eliya alinigeukia kwenye robot, zile taa za barabarani. "Eish, kaka," akasema, basi.

Nakiri hapa: siri haikuniponyoka kwa bahati mbaya. Nilitaka kung'ara, nikang'ara kwa siri ya mtu.

Leo mchana amenitumia ujumbe. Neema ameongea na Benita dakika arobaini, na yeye baba mtu hakupata hata nafasi ya kusalimia.

Nimecheka peke yangu. Halafu nikakumbuka kwamba bado sijamwomba radhi.

Kabla ya samedi hiyo ya Shangazi, yaani Jumamosi, lazima nimwombe, bila mzaha hata mmoja ndani yake. Je, nitaweza?