Usiingie Ofisini Peke Yako

Mjukuu wangu Aline,

Uko salama huko? Sisi hapa Batsinda tuko. Mvua iliangusha jiko, nimelijenga tena. Mama yako anakusalimu.

Umeniuliza kama usaini. Unasema kampuni inataka nyinyi marubani mlipe zaidi bima ya matibabu, na inawaita mmoja mmoja.

Mimi nilikuwa kibarua wa kubeba zege. Tukiumia, patroni, yule mwenye kazi, alitulipia matibabu. Siku moja akasema kila mtu ajitibu, akatuita mmoja mmoja kuweka kidole kwa karatasi. Nikaingia wa kwanza. Nilikuwa kijana, sijui hata homa. Nikaweka.

Kumbe kila aliyeingia alionyeshwa kidole changu. "Huyu mwenye nguvu amekubali, wewe unabisha nini?" Wote wakaweka.

Bibi yako alikuwa anabeba matofali hapohapo. Jioni akaniuliza, "Na mimi nikianguka?"

Kesho yake tulikuwa tunamwaga dale, ile sakafu ya juu. Tulipanga mstari, karai zinapita mkono kwa mkono. Nikawaambia wenzangu nimekosea. Tukaweka karai chini, tukaingia ofisini wote.

Patroni akapiga kelele, "Aje mmoja!"

Bibi yako akamjibu, "Basi na dale amwage huyo mmoja."

Zege lilikuwa linakauka. Patroni akachana karatasi.

Usisaini, Aline. Ongea na wenzako kwanza, muingie pamoja. Najua wewe ni mzima, huumwi. Ndiyo maana wataanza na wewe.

Babu yako