Masikio ya Sindano ni Mazima

Nyuma ya kiwanda cha mbao,
Jumanne, tarehe tisa.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Goti je, bado linakusumbua kwenye ngazi? Langu limeshachoka kulalamika. Wifi naye mzima? Sisi tunapumua, kelele za misumeno ni zile zile. Anayeandika ni mke wa mpwa wako Sindano. Nimemwambia aandike ninavyosema, asininyooshee maneno, yeye si pasi.

Paka kazaa kwenye kapu la vitambaa, wanne, mmoja hana mkia. Haya, tuyaache ya paka.

Unajua Sindano alivyo fundi. Sasa mwaka jana akawa anasimamisha cherehani katikati ya mshono, anatega sikio. Eti cherehani inamsema. Mara akaanza kufumua suti za wateja, anatafuta waliojificha kwenye bitana. Suti ya mwalimu mkuu ikabaki mikono mitupu. Majirani wakasema karogwa, wengine bangi. Mimi nikasema ni uchovu, na mimi nilikosea kama wao.

Tukaenda hospitali. Pale mapokezi nikaulizwa shida nini. Nikasema, "Mwanangu anasikia vibaya." Si ndivyo? Anasikia mabaya. Wakatupeleka kwa daktari wa masikio. Akamulika huku, akamulika kule, akasema masikio mazima. Sindano akamwuliza polepole, "Umewaona humo ndani?" Yule daktari akazima tochi, akamshika mkono mwenyewe mpaka kwa daktari wa akili.

Huyo ni mama mtu mzima, hakucheka. Aliuliza yote: yameanza lini, analala, anavuta nini, aliwahi kuangukia kichwa. Wakampima na damu, isije ikawa ugonjwa mwingine. Tukarudi, tukarudi tena, ndipo akatuambia ni ugonjwa wa akili, unamfanya asikie yasiyokuwepo na kuyaamini. Si laana, wala si malezi yangu. Hapo nililia kidogo. Akasema tusibishane naye, wala tusimwitikie kwamba nasi tunasikia. Tumwambie, "Sisi hatusikii, ila tunajua wewe unasikia, na unaogopa."

Vidonge vya kwanza vilimtetemesha mikono, uzi haupiti tunduni. Tukamweleza daktari, akabadilisha. Alipopata nafuu akaviacha kimya kimya, akajifungia mpaka tukang'oa mlango. Tangu hapo ni sindano, kila mwezi. Mwenyewe anacheka, "Nimechoma nguo za watu miaka yote, sasa zamu yangu." Sauti hazijaisha zote. Anasema ziko kama redio ya jirani, anaziacha ziseme, anashona.

Sasa, mdogo wangu, nakuja kwako. Jumapili ulimpigia ukamwambia kapona, aachane na dawa za vichaa. Najua ulimtakia mema. Lakini tangu siku hiyo anasema, "Mjomba kasema niache," na mwisho wa mwezi huu anatakiwa akachomwe. Mimi nikisema, mkewe akisema, daktari akisema, anajibu mjomba kasema. Kama ana swali la kuacha, yupo daktari wa kumwuliza. Ningekueleza kwenye simu, lakini simu ni yake, na nimeshakwambia, masikio mazima.

Nisalimie wifi, na mwanao dereva, na yule binti yako wa mwisho anayepaka rangi nyumba za watu, asimame vizuri kwenye ngazi. Mungu akulaze salama, akuamshe na goti jepesi.

Suruali yako iko hapa mezani, anakushonea, mguu mmoja tayari. Katika sauti zote alizowahi kusikia, baba, yako ndiyo anayoitii. Mpigie, umwambie aende.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda tangu nilipokuwa nikikubeba mgongoni,
Mama Sindano.