Glavu Nimeificha Kazini, Baba Anashona Nyingine

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla Jumamosi haijafika, na unisamehe mwandiko, shule niliishia darasa la nne na tangu hapo kalamu naishika kusaini zamu tu. Kazi yangu ni kufua na kukunja mashuka ya hospitali, nina binti mmoja wa miaka kumi na miwili, na tunaishi na baba yangu mzazi, fundi viatu aliyekwisha kustaafu, na huyo ndiye anayeninyima raha.

Mama yangu alipofariki, baba alifunga sanduku lake la sindano akakaa kwenye kiti akitazama ukuta, miaka miwili mshauri, ukimsalimia anaitikia, ukimpa chakula anakula, ila mtu mwenyewe hayupo. Sasa mwaka jana binti yangu akachaguliwa shuleni kucheza besiboli, ule mchezo wa kupiga mpira kwa gongo halafu unakimbia kuzunguka vituo vinne, na zamu yangu inaisha saa kumi na mbili jioni, basi nikamwomba baba awe anamsindikiza mazoezini, mtoto asirudi peke yake. Alinuna. Siku ya kwanza alirudi akasema, "Mchezo gani huu, mtu anatoka mbio roho juu, kumbe anarudi palepale alipoanzia, na wanampigia makofi."

Wiki ya tatu mpira uliofumuka ukabingirika hadi mguuni pake, akauokota, akaugeuzageuza, akasema aliyeushona alikuwa mtu wa kazi ila wanaougonga hawana adabu, na kesho yake akafungua sanduku, mshauri, sanduku lilelile, akaushona. Nililia jikoni nikasingizia kitunguu. Tangu hapo kocha anamletea mipira na glavu za ngozi za kudakia zilizochanika, kwa gunia, na baba amenogewa mpaka basi. Kofia ya timu anaingia nayo bafuni. Mishono ya mpira mmoja anakwambia ni mia na minane, ukibisha anakuhesabia. Mwamuzi, kijana wa watu mwenye heshima zake, akimwona tu anaanza na shikamoo ndefu ili kumpoza mapema. Kuna siku alivunja kioo cha jirani akimwonyesha mjukuu wake namna ya kurusha, akaenda kuomba radhi, akakaa huko saa nzima, kumbe anamfundisha jirani kanuni. Hata siku binti alipolala akiumwa jino, baba alimpa pole mlangoni akaenda mazoezini peke yake, na hilo liliniuma, nikasema huyu mzee jamani, mchezo umemzidi mjukuu.

Sasa nije kwenye lenyewe. Mwezi uliopita binti yangu kaniambia besiboli hataki tena, anataka kujifunza tarumbeta kwenye bendi ya shule. Nikamuuliza umekosa nini, akasema, "Mama, mezani besiboli, njiani besiboli, hata nikipiga mswaki babu ananirekebisha kiwiko. Siuchukii, lakini sasa ni mchezo wake." Akanisihi nimwambie mimi, eti yeye hawezi. Na mimi siwezi, maana nikifumba macho tu namwona baba kwenye kile kiti, anatazama ukuta, na safari hii tumemrudisha sisi wenyewe.

Basi nikafanya ujinga. Nikaichukua glavu ya mtoto nikaificha kazini, kwenye kabati la mashuka yaliyochanika, nikasema imepotea, nikidhani bila glavu hatacheza na mambo yatapoa yenyewe. Baba hakunigombeza. Alisema tu, "Vitu havipotei, mwanangu, vinawekwa." Halafu akatoa ngozi aliyoitunza tangu nikiwa mdogo, ngozi ya kumshonea mama viatu, kila mwaka alikuwa akisema mwakani, akaanza kukata glavu mpya. Mshauri, kidonda changu kikatiwa chumvi. Na uzee nao umeanza kumwingia, maana hata kumwita mtoto ampime mkono hakumwita, kaweka mkono wake mwenyewe juu ya gazeti akachora, na sasa glavu imekuwa pana kama ungo, mwanangu akiivaa mkono utapotelea humo. Anasema itakuwa tayari Jumamosi, siku ya mechi. Je, nimwambie, au nimlazimishe mtoto amalizie mwaka? Naogopa kumvunja mtoto, naogopa kumvunja mzee, na mimi niko katikati kama shuka linalokamuliwa na watu wawili.

Ni mimi,
Mama wa Mashuka

MSHAURI ANAJIBU

Mama wa Mashuka, pole sana, na pole hiyo ishike vizuri kwa sababu baada yake nakugombeza.

Umemficha glavu mtu aliyeishi kwa kutazama soli na kumjua mwenye kiatu. Kakwambia kwa mdomo wake vitu vinawekwa, nawe bado unajiuliza kama kuna anachojua. Mwenye uzee hapo ni nani?

Rudi usome barua yako. Fundi aliyepima miguu ya watu maisha yake yote hasahau kupima mkono wa mtoto. Na hawezi kumaliza ngozi ya thamani kwenye mkono unaokua, ambao mwakani hautaingia humo. Hilo kila fundi viatu analijua. Aliyechora mkono wake anajishonea mwenyewe. Ngozi ile ilikuwa ya mkewe na sasa amempata wa kumvalisha, naye ni yeye. Wewe umekaa unalia kwamba ameanza kupotea, kumbe mzee anajiandaa kuingia uwanjani.

Kama habari ya tarumbeta anaijua, sikuapii. Lakini siku ya jino alikwenda peke yake, na kocha alikuwa na gunia linalomngoja. Kwamba anaweza kwenda bila mtoto, jibu ulilipata siku ile ukaliita dharau. Mjukuu alimfungulia mlango, mzee ameshaingia, ameshakaa. Mtoto hana haja ya kusimama kushikilia kitasa mpaka awe bibi.

Sasa fanya hivi. Kesho zamu ikiisha, toa hiyo glavu kabatini kabla mtu hajaipeleka kufuliwa. Mpe baba mkononi, useme, "Baba, niliificha mimi." Ukome hapo. Najua utatamani kuongeza maneno, nimeona barua yako, yameze. Habari ya tarumbeta aiseme binti mwenyewe, jioni hiyohiyo, kabla ya Jumamosi. Mtoto anayesimama mbele ya mpira unaokuja kama jiwe hawezi kushindwa na babu aliyevaa kofia. Na aiseme yote, pamoja na ile ya mswaki, maana hapo mzee amekosa na anapaswa kuambiwa. Atakaa kimya kidogo. Mwache akae, kunyamaza kwa jioni moja si kutazama ukuta miaka miwili. Wewe wakati huo uwe jikoni na kitunguu chako.

Lingine, mama. Umeniandikia mishono, kioo, mwamuzi na shikamoo zake, lakini sijaona mahali ulipokaa uwanjani hata mara moja. Unamlilia baba yako kwa habari za kusimuliwa. Badilishana zamu na mwenzako, Jumamosi uende ukakae pembeni yake, ukaone hiyo sura unayoogopa kuipoteza. Mwulize kwa nini mtu akimbie ili arudi alipoanzia. Nadhani siku hizi ana jibu refu.

Kile kiti kigeuze kitazame dirisha, upumzishie miguu ukitoka kazini. Na jirani wa kioo mwandae mapema: baada ya mpira, tarumbeta linakuja.