Mama Mkwe Aliponimwagia Maji Darasani

Shoga, acha hicho unachofanya, usome hapa.

Mama mkwe amenimwagia maji mbele ya darasa. Darasa LANGU, watu wote wapo!

Unajua leo nilikuwa na lile darasa la majaribio la mazoezi ya viungo mtandaoni, la wafanyakazi wa kampuni ya bima. Meneja wao naye alikuwepo, anapima kama wanipe mkataba.

Mazoezi yalienda vizuri mpaka mwisho. Nikawaambia, "Sasa laleni chali, fumbeni macho, pumueni taratibu." Na mimi nikalala.

Mama akaingia sebuleni kutafuta miwani. Akanikuta sakafuni, nimelowa jasho, kimya.

"Mwanangu amekufa!"

Mwanangu! Miaka minne ananiita "mke wa kijana wangu", leo ndiyo nimekuwa mwanangu.

Kabla sijafumbua macho, jagi zima la maji usoni!

Akageukia kompyuta, akaona watu thelathini na wawili wamelala chali majumbani kwao. Akashika kichwa: "Na hawa wote? Mmekula nini?"

Mmekula nini, shoga!

Darasa zima likaangua kicheko. Meneja pekee hakucheka. Akasema, "Dada, baki tuzungumze." Nikajua basi, kazi imeota mbawa.

Wenzake walipotoka tu, akalipuka kwa kicheko. Kumbe alikuwa amejibana! "Tunaanza Jumanne," akasema, huku anafuta machozi.

Cheka tu, najua unacheka. Mama mwenyewe amegoma kuniomba radhi. Anasema siku nyingine nikitaka kulala kazini, niache jicho moja wazi.