Maneno ya Utani Kwenye Fomu ya Kazi

Chumbageni, Tanga

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute goti limepoa na umeanza kwenda shamba bila mkongojo. Mimi ni mzima wa mwili. Chakula kinapita, na usingizi unakuja hata mchana bila kuitwa. Ukiniuliza habari za moyo sina la kukujibu, maana ni karibu mwezi sasa haujaniambia kitu.

Nimeona niandike kwa sababu simu yenu mnaiweka spika, na jambo langu halifai kusikilizwa na jirani aliyekuja kuomba chumvi. Bahasha nitampa konda wa basi la Tabora, yule aliyekuleteeni machungwa.

Baba, kazi imekwisha. Waliniandikia barua ya kusitisha ajira zikiwa zimebaki wiki tatu nimalize mwaka wa majaribio. Pale masjala, kwenye chumba cha mafaili, tulianza watu watatu siku moja: mimi, Rehema wa Muheza, na Athumani wa Handeni. Athumani amethibitishwa. Kupanga mafaili nilimfundisha mimi, na mpaka leo tukikutana mtaa wa Usagara ananiuliza faili fulani liko kabati gani. Namwambia. Rehema alikuwa na mimba ya miezi saba, na mimi nilikuwa Mnyamwezi. Barua zetu mbili zilisema maneno yale yale, kwamba utendaji wetu haukuridhisha, hata nukta zilikaa mahali pamoja.

Mkuu wetu wa kitengo ni yule Mzigua niliyekuwa nikiwasimulia habari zake mkacheka, Bwana Mhando. Siku ya kwanza alisoma jina langu akainua macho. "Kalunde! Ee, mtumwa wangu umefika! Nani kawapa Wanyamwezi kalamu? Si kazi yenu kubeba mizigo kichwani kutoka Tabora mpaka pwani?" Nami nikamjibu hapo hapo, "Na nyie mliouzana kwa pishi ya mtama mwaka wa njaa, nani kakupa kiti?" Chumba kizima kilicheka. Nikajisemea, afadhali, nimefika ugenini nimekuta mtani wa kabila letu.

Mwaka mzima ulikwenda hivyo. Nikichelewa ananiuliza mzigo ulikuwa mzito kiasi gani. Akikosea mhuri namwambia Mzigua hajui hata kugonga mlango. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtani hakasirikiwi, na anayekasirika kashindwa.

Mama yake alipofariki nilipanda basi mpaka Handeni. Wenzangu wa ofisini walituma rambirambi, lakini mtani hatumi rambirambi kwa mkono wa mtu. Jeneza lilipotaka kutoka, nilikaa kizingitini nikanyoosha miguu. Nikasema huyu bibi ni mtumwa wangu, hatoki humu bila mimi kupewa kuku. Wanawake waliokuwa wanalia wakaanza kucheka huku machozi yanatoka. Bwana Mhando mwenyewe alikuja na jogoo mkononi, macho mekundu, akasema, "Shika, mbeba mizigo, umpishe mama." Nikampisha. Siku ile nilimpenda kama ndugu.

Kwa hiyo barua ilipokuja sikuelewa kitu. Rehema ndiye aliyenishika mkono tukaenda kwa Bi Zubeda, katibu wa chama cha wafanyakazi. Akatuambia mtu wa majaribio naye ana haki ya kulalamika kama ameachishwa kwa ubaguzi, ila lazima aseme amebaguliwa kwa lipi. "Rehema ana tumbo lake la kuonyesha," akasema. "Wewe mwanangu una nini?" Tukaandika kabila, kwa sababu ndilo lililobaki. Mimi mwenyewe sikuamini.

Siku ya kusikilizwa, kamati ya malalamiko ya kazi ilisoma fomu zetu za tathmini. Ya kwangu sikuwahi kuiona. Aliyetunza mafaili ya ofisi nzima, faili lake mwenyewe lilifungiwa kwa mkuu. Bwana Mhando alikuwa ameandika kwa mkono wake: "Ana nguvu za kubeba mafaili, lakini kalamu haimfai. Ni mtu wa kazi za asili yake."

Baba, maneno ni yale yale. Niliyasikia mara mia na kila mara nilicheka. Siku ile yalisomwa na mama mmoja wa kamati mwenye miwani, polepole, bila mtu kucheka, na mimi nikawa naangalia feni ya darini inavyozunguka.

Walipomuuliza, Bwana Mhando hakubabaika. "Waheshimiwa, huo ni utani. Huyu ni Mnyamwezi, mimi Mzigua. Alizuia jeneza la mama yangu, nikampa jogoo. Muulizeni mwenyewe kama mimi si mtani wake."

Mwenyekiti akanigeukia. Nilijua jibu linalonifaa. Bi Zubeda alinifinya paja chini ya meza. Lakini mtu niliyemzikia mama yake nitamkanaje mbele ya watu? Nikasema, "Ni mtani wangu." Bwana Mhando akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kamati ikaahirisha shauri mpaka Alhamisi, ikasema naweza kuongeza maelezo kama ninayo.

Nje Bi Zubeda alikuwa mkali. "Utani ni wa mdomoni, Kalunde. Wewe umeshaona mtani anapiga mhuri? Ukisema ni mtani wako, yote aliyoandika ni halali yake. Alhamisi uchague, kazi au huo utani wenu."

Siku zile za kungoja sikufanya kitu. Nilikaa kitandani nimeshika fulana, sikumbuki nilitaka kuifua au kuivaa. Mama mwenye nyumba, Bi Mwanahawa, aliniletea uji wa mchele akakaa mlangoni. "Kula mwanangu. Ukishiba utajua kama una hasira au huzuni." Nilikula. Sikujua. Nilikuwa nawaza jambo moja tu: wakati anaandika, alikuwa anacheka? Kama alikuwa anacheka, basi kalamu ilimponyoka. Kama hakuwa anacheka, basi hata zile siku nyingine sijui.

Nisalimie Mama Mdogo, mwambie asiuze mbuzi kwa ajili yangu, bado nina pa kulala. Msalimie kaka Maganga na darasa lake la kwaya. Shangazi Nyamizi aliyenishonea sketi ya kazini mwambie bado ni mpya, haijachanika popote. Mchungaji msalimie, lakini asinitangaze kanisani.

Nilitaka nifunge barua hapa. Ila nikifunga hapa nitakuwa nimekuficha.

Alhamisi imepita, Baba. Ilikuwa juzi. Nilishika Biblia nikaapa, na waliponiuliza tena nikasema Bwana Mhando si mtani wangu, hajawahi kuwa, na yale maneno yalikuwa matusi tangu siku ya kwanza. Nilisema pia kwamba Handeni nilikwenda kwa kuogopa kupoteza kazi yangu. Hilo la Handeni ni uongo, nimelisema nikiwa nimeapa. Waliandika kila neno. Majibu yatakuja kwa barua, na Bi Zubeda anasema sasa tuna shauri zuri. Najua utani ule ni wa kabila, uliukuta kwa babu na babu aliukuta kwa wengine, haukuwa mali yangu ya kuukana bila kukuuliza. Nimeukana. Sikulia, wala sasa silii.

Wakati wa kutoka tulikutana mlangoni. Nilingoja aseme neno lolote, hata la mzigo. Akasogea pembeni akanipisha, akasema, "Siku njema, Bi Kalunde." Hakuwahi kuniita Bi. Nikasema, "Asante, mzee," nikapita.

Bibi nimemwacha mwisho kwa makusudi. Mkalie karibu, upande wa sikio lake la kulia, umwambie mjukuu wake anaomba utani. Anitukane sura, anitukane miguu, anikumbushe nilivyokuwa nakojoa kitandani, wewe uandike kama anavyosema usimpunguzie. Konda anarudi Jumanne. Huku Tanga hakuna tena mtu anayeweza kunitukana nikacheka.

Mwanao,
Kalunde